Butembo na Beni: serire mpya mlangoni, ni ipi itakayodumu?

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 2020, washambuliaji waliingia katika gereza kuu la Kangbayi, mjini Beni, na wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Meya wa mji wakati ule, Modeste Bakwanamaha, alieleza kwamba watu hao walikuja kwa wingi na wakavunja mlango kwa kifaa cha umeme. Haikupita miaka miwili, ikawa zamu ya gereza la Kakwangura, mjini Butembo: usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022, wafungwa zaidi ya 800 walitoka.

Ikiwa mlango wa gereza unaolindwa na watu wenye bunduki umevunjwa hivyo, serire ya nyumba ya kawaida itasaidia nini? Jibu ni kwamba serire haikutengenezwa kuzuia kundi lenye silaha. Inazuia mwizi mwenye turnevisi na kipande cha nondo, anayeogopa kelele na asiyetaka kupitisha dakika nyingi mbele ya mlango wa mtu. Kwa mwizi wa namna hiyo, ambaye ndiye anayeondoka na simu, godoro na redio, serire nzuri ni kinga kweli. Ila kwa shambulio la usiku, mambo yanageuka. Hapo kinachookoa jamaa ni kutoka upesi, na serire ile ile inaweza kuwazuia walio ndani. Kwa hiyo katika miji hii miwili serire inapimwa mara mbili: inazuia kiasi gani kutoka nje, na inafunguka upesi kiasi gani kutoka ndani.

Funguo zilizobaki mikononi mwa wengine

Nyumba za kupanga za Butembo na Beni zimebadilisha wakaaji mara nyingi. Tangu mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, jamaa nyingi zimeacha vijiji na kutafuta chumba mjini. Baada ya Kanyabayonga kuanguka mwishoni mwa Juni 2024, wengine walipanda kutoka kusini mwa Lubero hadi Butembo. Na tangu Goma iliposhikwa mwishoni mwa Januari 2025, ofisi za jimbo la Kivu Kaskazini zimehamia Beni, na watumishi wake pia wanahitaji pa kulala.

Kila aliyehama alikuwa na ufunguo. Pengine alikuwa nao mke, mtoto mkubwa, mfanyakazi wa nyumbani, na fundi aliyekuja kurekebisha dari. Mpangaji mpya anapokabidhiwa funguo mbili na mwenye nyumba, hana njia ya kujua ya tatu na ya nne ziko wapi. Mwizi mwenye ufunguo havunji kitu, hapigi kelele, na baadaye jirani wataulizana kama kweli mlango ulifungwa.

Sheria ya jinai ya Kongo inahesabu jambo hilo kuwa zito: wizi wa kuvunja, wa kupanda ukuta au wa kutumia funguo za uongo unaweza kumletea aliyehukumiwa kifungo cha hadi miaka 10. Lakini mwizi lazima ashikwe kwanza.

Hivyo kazi ya kwanza ya mpangaji ni kubadilisha. Si lazima serire nzima. Kama ni ya silindri, yaani ile yenye kitumbo kinachopokea ufunguo na kinachotoka chenyewe, inatosha kununua silindri nyingine ya kipimo kile kile. Visi moja tu iliyo kwenye ukingo wa mlango inafunguliwa, ufunguo unageuzwa kidogo, kitumbo kinavutwa, kipya kinaingia. Kazi ya dakika 10. Mpangaji mwerevu huweka silindri ya zamani ndani ya boksi, na siku ya kuhama anairudisha mahali pake na kuondoka na ya kwake.

Mwenye nyumba ajulishwe, na ikiwezekana jambo liandikwe kwenye kartasi ya mkataba. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, na feza hiyo ndiyo inayokatwa pakitokea ugomvi juu ya mlango uliotobolewa bila ruhusa. Maneno mawili yaliyoandikwa mapema yanagharimu kidogo kuliko mwezi mmoja wa garanti.

Mbele ya kaunta

Serire nyingi zinazouzwa katika magasini za Butembo zimesafiri mbali: zimetoka viwandani China, zimepita bandari ya Mombasa, zimevuka Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana tangu zamani kwa safari za Dubai na Guangzhou, na mteja asidhani kwamba kila kitu cha China ni kibaya. Kiwanda kimoja kinaweza kutoa serire ya kudumu na serire ya kutupa, kulingana na bei ambayo mwagizaji alikubali. Jina lililoandikwa kwenye boksi pia si ushahidi, kwa sababu jina kubwa ndilo linaloigwa.

Ushahidi uko mkononi. Kwanza uzito. Silindri ya shaba ya njano ni nzito. Ile ya zamaki, mchanganyiko wenye zinki nyingi, ni nyepesi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Sumaku ndogo, hata ile iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, inasaidia: ikishika silindri kwa nguvu, basi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma hicho kitaota kutu. Sumaku haishiki shaba, lakini haishiki zamaki pia, kwa hiyo mtihani haujaisha. Mkwaruzo mdogo upande usioonekana unamaliza shaka: shaba inabaki ya njano hata ndani, zamaki inatoa rangi ya kijivu. Muuzaji anayekataza mkwaruzo huo kwenye bidhaa ya bei kubwa, afadhali aachwe na bidhaa yake. Ulimi wa serire, ule unaoingia kwenye kadre, wenyewe unatakiwa kuwa chuma kigumu. Hapo sumaku ikishika si kosa.

Halafu ufunguo. Meno yake yanasema mengi. Silindri ya kawaida ina vipini vitano ndani, na kila kipini kina bonde lake kwenye ufunguo. Iliyo bora ina sita au zaidi. Utaratibu huo wa vipini na ufunguo bapa ulisimamishwa na Linus Yale, Mmarekani, katika miaka ya 1860, na mpaka leo ndio ulio kwenye milango mingi ya dunia. Ufunguo wenye mabonde matatu, au wenye mabonde yote ya kina kimoja, unatangaza serire isiyo na siri. Serire za ufunguo mrefu wa mviringo wenye ulimi mwishoni, zile za zamani ambazo bado ziko kwenye milango mingi ya vyumba, hufunguka hata kwa waya uliopindwa ikiwa ndani mna kibati kimoja tu. Zinafaa chumba cha ndani. Mlango wa barabarani haziufai.

Kuna mtihani mmoja ambao wateja wachache wanaufanya, na ndio unaofaa kuliko yote. Mteja aombe maboksi matano ya serire ya aina moja, achukue ufunguo wa la kwanza na kuujaribu kwenye serire nne zilizobaki. Viwanda vya bei ya chini hutoa funguo za namna chache kisha kuzirudia. Ufunguo ukigeuka kwenye serire ya pili, maana yake ni kwamba mtu mwingine mjini, pengine jirani wa avenyu ile ile, ana ufunguo wa nyumba hiyo bila kujua. Muuzaji atanuna. Anune.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, maboksi ya serire zinazofuata kanuni za Ulaya huwa na maandishi EN 1303 kwa silindri na EN 12209 kwa serire yenyewe, pamoja na mstari wa tarakimu. Katika EN 1303, tarakimu ya pili ndiyo ya kudumu: 4 ni mizunguko 25,000, 5 ni 50,000, na 6 ni 100,000. Hesabu ni rahisi. Nyumba yenye watu saba inaweza kugeuza ufunguo mara 20 kwa siku, sawa na mara 7,300 kwa mwaka. Silindri ya 4 itakuwa imemaliza mizunguko yake baada ya miaka mitatu na nusu hivi, ya 6 itapita miaka 13. Ni kweli kwamba tarakimu nazo zinaweza kuchapishwa na mdanganyifu. Lakini zikikutana na shaba ya kweli na mabonde sita, uwezekano wa kudanganywa unapungua.

Vipimo vichukuliwe nyumbani kabla ya kutoka, kwa kuwa serire ya ajabu isiyoingia kwenye tundu lililopo inamfanya seremala achonge mlango upya na kuudhoofisha. Vinavyohitajika ni unene wa mlango, umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na umbali kati ya kishikio na tundu hilo. Njia fupi kuliko zote ni kufungua serire ya zamani na kwenda nayo magasini mchana, mtu mwingine akibaki nyumbani.

Urefu wa silindri hasa usikosewe. Silindri ina sehemu nyembamba katikati, pale visi inapopita, na ndipo inapokatika. Ikitokeza nje ya kibati cha kishikio kwa zaidi ya milimita 3, mwizi anaibana kwa koleo, anaipinda mara mbili, inavunjika, na mlango uko wazi bila ufunguo. Serire ya bei kubwa yenye silindri iliyotokeza sentimita moja ni feza iliyotupwa.

Mlango wenyewe, kadre na ukuta

Mara nyingi serire inalaumiwa kwa kosa la mlango. Butembo iko juu, karibu mita 1,700 na zaidi, na mvua na baridi yake vinafanya mbao zivimbe. Beni iko chini kidogo na ina joto zaidi, mbao zinakauka na kupasuka. Mikaratusi, ambayo imepandwa kwenye vilima vingi vya Butembo na Lubero, ni rahisi kupatikana, lakini ikipasuliwa mbichi na kugeuzwa mlango kabla haijakauka, inapinda. Ulimi hauingii tena kwenye tundu la kadre, mtu anasukuma kwa bega, analazimisha ufunguo, na siku moja nusu ya ufunguo inabaki ndani. Kisha anaenda kununua serire nyingine, ambayo itakufa vile vile.

Kabla ya kununua chochote, mlango ufunguliwe nusu, ushikwe kwa kishikio na kuinuliwa. Ukipanda hata kidogo, sharnieri zimelegea au zimelika, na hizo ndizo za kubadilisha kwanza. Ikiwa mlango ni wa chuma na unafungukia nje, sharnieri zake ziko upande wa mwizi: akitoa pini, serire inabaki imefungwa na mlango unang'oka upande wa pili. Sudere anaweza kuziba vichwa vya pini hizo kwa nukta mbili za moto, kazi ya muda mfupi ambayo mara nyingi inasahaulika.

Upande wa kadre ndiko mwizi anakopiga teke. Ulimi wa serire, hata ukiwa wa milimita 20, unashikwa na kibati chembamba kilichofungwa na visi mbili fupi, ndani ya mbao ya unene wa vidole viwili. Teke moja la nguvu linapasua mbao hiyo, na serire inabaki nzima mlangoni kama mapambo. Dawa yake ni kibati kirefu na kinene zaidi, na visi za milimita 75 au zaidi zinazopita kadre mpaka ukutani. Kwenye mbao ngumu, tundu litobolewe kwanza kwa kekee nyembamba kuliko visi, la sivyo mbao inapasuka au visi inakatika kichwa. Fundi anayepiga visi kwa nyundo kama msumari ili amalize haraka, aambiwe arudie.

Katika nyumba za udongo na miti zilizoko pembezoni mwa miji yote miwili, hesabu ni nyingine kabisa. Ukuta unaotoboka kwa panga hauhitaji serire ya bei kubwa. Mwenye nyumba wa namna hiyo atafaidika zaidi akitumia feza yake kwa kadre imara iliyoshikiliwa na nguzo zilizochimbiwa chini, komeo la chuma ndani, na serire ya wastani.

Kadena, na walio ndani

Kadena ndiyo kinga ya watu wengi kwa sababu ni rahisi na haihitaji fundi. Ina kasoro mbili. Ya kwanza, ikining'inia nje inatangaza kwa kila mpita njia kwamba hakuna mtu. Ya pili, wezi wengi hawaigusi kabisa: wanang'oa vishikizo vyake, kwa kuwa visi zake ziko nje na turnevisi inazifikia. Anayebaki na kadena afunge vishikizo kwa bolti zinazopita mlango mzima, karanga zikiwa ndani, na achague kadena yenye upinde mnene, wa chuma kigumu, unaoacha nafasi ndogo ya kuingiza nondo.

Kasoro nyingine inahusu uhai. Wazazi wengine wanaoenda shambani au sokoni huwafungia watoto ndani kwa kadena ya nje, wakiogopa barabara na watu wasiojulikana. Nyumba hiyo hiyo inaweza kuwa na mbabula yenye makala, mafuta ya taa, au waya za umeme zilizounganishwa ovyo. Moto ukianza, mtoto hana pa kutokea, na jirani lazima atafute shoka. Watoto wabaki kwa jirani, au mlango uwe na serire ambayo mkubwa wao anaweza kuifungua kutoka ndani.

Ni neno lile lile kwa usiku. Jamaa nyingi, kwa hofu, zimeongeza kinga juu ya kinga: serire inayofungwa kwa ufunguo pande zote mbili, kadena ya ndani, komeo juu, komeo chini, na gogo la kuegemeza mlango. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini milio ya risasi ikisikika, au moshi ukijaa, mtu aliyeshtuka usingizini hatafuti funguo tatu gizani. Silindri yenye kitufe cha kuzungusha upande wa ndani inafunga vizuri sawa na nyingine na haihitaji ufunguo wa kutokea. Haifai tu pale mlango wenyewe una kioo, au dirisha liko karibu kiasi cha mwizi kupitisha mkono. Hapo ufunguo wa ndani utundikwe msumarini, mahali pamoja pasipobadilika, mbali na dirisha, ambapo hata mtoto wa miaka minane anapafikia. Makomeo mawili ya kusukuma kwa kidole yanatosha.

Baada ya kufunga

Vumbi la barabara ya taifa nambari 2, ile inayounganisha miji hii miwili, linaingia mpaka ndani ya silindri. Wengi huweka mafuta ya mawese au mafuta ya motari iliyobadilishwa. Kwa wiki mbili ufunguo unateleza, kisha mafuta yanashikana na vumbi na kuwa tope, na vipini vinakwama. Kinachofaa ni unga wa penseli: risasi nyeusi ya penseli ya mwanafunzi inasagwa, au inasuguliwa tu juu ya meno ya ufunguo, kisha ufunguo unaingizwa na kutolewa mara kadhaa. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Mafuta mepesi yaende kwenye sharnieri na kwenye ulimi.

Kopi ya ufunguo ichongwe kutoka ufunguo uliokuja na boksi, si kutoka kopi nyingine, kwa sababu kila kopi inaongeza kosa dogo na kosa hilo linakula vipini. Mwenye ufunguo asimame pale mpaka mchongaji amalize, kwani kipande cha sabuni kinatosha kuchukua umbo la ufunguo ulioachwa mezani. Na jina la mtu au la avenyu lisiandikwe kwenye kamba ya funguo.

Siku ya kazi, fundi akimaliza, mlango ubaki wazi kwanza. Ufunguo ugeuzwe mara kumi kwa kila upande, na funguo zote za boksi zijaribiwe moja moja, ulimi ukitoka na kurudi hewani. Kisha mtu mmoja aingie ndani na mwingine abaki nje na funguo, mlango ufungwe, na mara kumi zirudiwe. Mwisho, aliye ndani afumbe macho na kutoka. Akipapasa muda mrefu, fundi bado hajalipwa.